Oveni ya kuokea kwenye boti ndogo: nilizozijaribu na ile niliyobaki nayo

Boti yetu ni ya faiba, ina urefu wa mita 8, ina chumba kimoja upande wa omo, yaani mbele, na mahali pa kupikia ambapo mtu mzima hulazimika kuinamisha kichwa. Tunaiweka Kunduchi, Dar es Salaam. Mara nyingi tunatia nanga kisiwani Mbudya, ingawa hapo hatuvui kwa kuwa ni hifadhi, na kaskazi inapovuma kwa upole tunakwenda kusini hadi Mafia na kulala chomboni siku kadhaa. Katika safari hizo ndipo nilipotambua kwamba chombo kisicho na njia ya kuoka kinawachosha watu wake: mkate wa dukani huota ukungu mapema kwa joto na unyevu wa baharini, na ugali kwa samaki wa kuchemsha, mchana na usiku, hatimaye huondoa hamu ya kula. Kwa misimu miwili nimejaribu oveni za aina mbalimbali, na naandika kwa ajili ya wenye vyombo vidogo kama changu, ambao hawana nafasi wala fedha za kukosea mara mbili.

Jiko la nyumbani la gesi lenye oveni chini yake sitalizungumzia sana. Muuzaji alinihakikishia kwamba lingefaa, nami nikamwamini. Jiko hilo halina fito za kuzuia sufuria zisiteleze, na siku ya kwanza tulipopigwa na mawimbi ya ubavuni, sufuria ya mafuta ya moto ilimwagikia pale ambapo dakika moja kabla alikuwa amesimama mwanangu. Niliirudisha mashine hiyo nchi kavu jioni ile ile.

Oveni ndogo ya umeme, za aina inayouzwa kwa wingi Kariakoo, inavutia kwa sababu haina moto wa wazi. Hata hivyo, ni vyema mnunuzi apige hesabu kabla ya kulipa. Oveni ya wati 1,200 ikiendeshwa kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 100, na zaidi ya hapo kwa sababu inveta nayo hupoteza sehemu ya nguvu. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye uwezo wa ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nusu saa haitatimia kabla hujaanza kuiharibu betri, na mkate utakuwa bado mbichi katikati. Kwa mwenye jenereta au betri nyingi za lithiamu hesabu ni nyingine. Kwangu mimi, betri ile ndiyo inayowasha injini, taa na redio, na siwezi kuibadilisha kwa mkate.

Oveni ya mkaa ya bati, ambayo mafundi wetu huitengeneza kwa ustadi mkubwa, huoka vizuri kuliko zote, na nasema hivyo bila kusita. Lakini kazi yake ni uani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlevya mtu hadi kumuua usingizini. Mzee mmoja wa Kunduchi aliyekuwa nahodha wa majahazi alinieleza kwamba wao walipika juu ya sitaha, ndani ya sanduku lililojazwa mchanga, mahali ambapo upepo uliondoa moshi na mchanga ukameza kila kaa lililoanguka. Sitaha ya boti yangu haina nafasi hiyo, tena faiba ikishika moto haizimiki kwa urahisi.

Zipo pia oveni zilizoundwa mahsusi kwa vyombo vya baharini, zinazoning'inia kwenye vikalio viwili, kimoja kila ubavu, ili zibaki wima chombo kinapolala upande. Nimepika kwa moja ya aina hiyo katika boti ya tanga ya rafiki yangu, na ni kifaa cha kuheshimika: ina fito za kubana sufuria, mlango wenye komeo imara, na kifaa kinachokata gesi chenyewe moto unapozimika. Anayeinunua azingatie jinsi ya kuifunga. Chombo huyumba zaidi kwa ubavu kuliko kwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kwa hiyo vikalio vyake vinapaswa kufuata mstari wa urefu wa chombo, na mlango uelekee katikati ya chombo. Ikifungwa mlango ukiangalia omo au tezi, kuning'inia kwake hakutasaidia chochote. Jambo jingine ni kwamba mlango unapofunguliwa, uzito wake huivuta oveni nzima kwa mpishi, pamoja na sufuria zilizo juu. Kwa hiyo ni lazima ifungwe kwa pini kwanza. Inahitaji pia nafasi tupu mbele na nyuma ili ibembee bila kugonga ukuta, na nafasi hiyo ndiyo iliyonishinda, maana ningelazimika kuondoa kitanda kimoja.

Niliyobaki nayo ni ndogo kuliko zote. Inaitwa Omnia, inatengenezwa Sweden, na kwa kweli ni chombo kinachokaa juu ya jiko la gesi la kawaida. Ina vipande vitatu: kitako cha chuma, sufuria ya alumini yenye umbo la pete na tundu katikati, na mfuniko wenye matundu madogo ya kutolea mvuke. Nilipomwonyesha yule mzee, aliigeuza mikononi kisha akaniuliza swali ambalo kila aliyewahi kuoka mkate wa kumimina angeuliza: "Mwanangu, sisi tulipalia makaa juu na chini. Hii ina moto wa chini peke yake. Huko juu kutaivaje?"

Jibu liko kwenye lile tundu. Kitako huachanishwa na sufuria kwa hewa, kwa hiyo moto hauigusi sufuria moja kwa moja. Joto hupanda kupitia tundu la katikati, hugonga mfuniko na kusambaa juu ya unga. Kitako hupashwa moto mkali peke yake kwa dakika chache, kisha sufuria huwekwa juu yake na moto hupunguzwa. Mkate wetu wa kumimina tunausaga nyumbani, mchele uliolowekwa usiku kucha pamoja na tui zito, iliki, sukari na hamira, nao huumuka tukiwa njiani. Tukishatia nanga huiva kwa muda wa dakika 40 hivi. Uso wake huwa mkavu na laini, umepauka kuliko ule wa makaa, na anayetaka rangi ya kahawia iliyokolea aridhike na upande wa chini. Nilimpelekea mzee kipande. Alikimaliza, akasema ladha ni ile ile, rangi tu ndiyo imepungua.

Sufuria inachukua lita 2, kiasi kinachotutosha watu wanne. Nimeoka humo boflo, viazi vitamu, hata samaki changu mzima aliyekunjwa kufuata pete. Nashauri vyakula vya ukwaju au ndimu visikae ndani ya alumini kwa muda mrefu, kwa sababu asidi huila, na chombo kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mara ili chumvi isikichimbe. Haibembei, kwa hiyo naitumia tukiwa tumetia nanga au bahari ikiwa shwari kabisa. Kusi likivuma, tunakula mikate iliyookwa jana.

Oveni yoyote atakayochagua mtu, gesi ndiyo inayostahili hofu yake. Gesi ya mitungi yetu ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja huweza kutoka kwa mlango. Kwenye boti hushuka hadi ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na kutuama huko, mahali ambapo pua ya mpishi haifiki, ikingoja cheche ya swichi au ya injini. Kwa sababu hiyo sikubali kabisa lile jiko linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, ambalo limezoeleka majumbani: mtungi unaingia chumbani, na sufuria inakaa juu kama mtu aliyepanda mnazi wakati wa dhoruba. Mtungi wetu uko nje, ndani ya sanduku lisilopitisha hewa chumbani, lenye tundu la chini linalotoa gesi baharini juu ya usawa wa maji. Mpira na regyuleta navikagua kwa povu la sabuni kabla ya kila safari, na mpira hubadilishwa kabla ya tarehe iliyochapishwa juu yake, kwa maana jua la hapa na chumvi havisubiri. Blanketi la kuzimia moto linaning'inia mlangoni, si juu ya jiko, ili alifikie mtu anayekimbia moto na si anayeuendea.

Mkate ukishaiva, anayepika hafungi kwanza swichi ya jiko. Huita aliye karibu na mtungi aufunge, kisha husubiri moto ufifie na kuzimika wenyewe kwa kumaliza gesi iliyobaki kwenye mpira, na baada ya hapo ndipo hufunga swichi na kufunua mfuniko.