QSC K12.2 na JBL Control 25-1: spika ya safari na spika ya ukumbini

Anayekodisha vyombo vya muziki kwa harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) kuanzia Kampala hadi Arua nchini Uganda, na kamati ya kanisa au msikiti inayotaka mahubiri yasikike hadi safu ya mwisho, wote huingia dukani wakiuliza wati. Wati zina nafasi yake, lakini la kwanza ni kujua kama spika itapakiwa na kupakuliwa kila wiki, au itafungwa ukutani na kukaa hapo miaka na miaka. QSC K12.2 nimeitumia safarini na JBL Control 25-1 kumbini, na nitazipima kwa kigezo hicho.

K12.2 ni spika ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani. Ina uzito wa kilo 17.7, kwa hiyo mtu mmoja huinyanyua na kuisimika kwenye stendi bila kumwita mwenziwe, jambo ambalo mafundi walioshuka kwenye Fuso alfajiri hulithamini kuliko namba yoyote ya katalogi. Imeandikwa wati 2,000, lakini hizo ni za kilele, yaani za mshindo wa kitambo kidogo tu, si za kuendelea usiku kucha. Inakubali umeme wa volti 100 hadi 240, na hiyo ni faraja kubwa penye jenereta inayoyumba kila friji ya vinywaji inapoanza kunguruma. Sauti yake huenea kwa nyuzi 75, na maneno ya mshereheshaji hayamezwi na besi. Nyuma kuna feni ndogo ya kupooza amplifaya. Kwa barabara zetu za murramu, mfuko wa kuifunika ununuliwe siku ile ile, na vumbi jekundu lifutwe kwa brashi kavu kila baada ya shughuli.

Ukiitundika spika hiyo hiyo ukutani moja kwa moja, sifa zake nyingi hazina kazi tena. Kila moja itahitaji waya wa umeme pamoja na kebo ya sauti, vitufe na kioo chake viko nyuma ambako hakufikiki bila ngazi, na amplifaya ikiungua, spika nzima lazima ishushwe. Kumbini ni afadhali amplifaya ikae chini kabatini, mahali ambapo fundi ataifikia akiwa amesimama sakafuni.

Hapo ndipo Control 25-1 inapofaa. Ni ndogo, ya inchi 5.25, haina amplifaya, na ndani yake kuna transfoma ya laini ya volti 100, yaani mfumo wa amplifaya moja kulisha spika nyingi kwa volti ya juu, inayokuwezesha kuchagua wati 30, 15 au 7.5. Chukua spika nane, kila moja ukiiweka kwenye wati 15: jumla ni wati 120, na kwa volti 100 hiyo ni ampea 1.2 tu, kwa hiyo waya mwembamba utavuka ukumbi mzima bila kupoteza nguvu ya maana. Amplifaya ya wati 150 hivi itazibeba zote na kubakiza akiba.

Katika ukumbi mrefu wa kuta za saruji na paa la mabati, mpangilio huu huleta tofauti inayosikika waziwazi. Mahali pasipo na mwangwi, sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidi mara mbili. Ukitegemea spika mbili za mbele pekee na kuziongeza sauti ili wa nyuma wasikie, wa mbele wataumia masikio, na mwangwi utafunika herufi za “s” na “sh” ambazo ndizo zinazotenganisha maneno. Spika ndogo zilizopangwa kandokando huzungumza kwa upole karibu na kila sikio. Zile zilizo mita 20 mbele ya mhubiri sauti yake icheleweshwe milisekunde (elfu za sekunde) 58 hivi, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde; bila hivyo, kila neno litasikika mara mbili.

Control 25-1 haikuundwa kwa dansi. Kanisa lenye kwaya, ngoma na gitaa la besi litafute spika kubwa zaidi za kufungwa ukutani, pamoja na sabufa, na fundi wa ujenzi akague kuta kabla ya tundu la kwanza kutobolewa.