Chichén Itzá au Tulum: siku moja ukitokea Cancún

Ukiwa Cancún, mji wa pwani wa Mexico, mwezi Julai na una siku moja tu ya magofu ya Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, nenda Chichén Itzá. Ni mbali, kama kilomita 200, na jua la bara huko halina huruma. Ondoka alfajiri ufike geti likifunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Piramidi ya El Castillo ina vidato 365 ukijumlisha pande zote nne na jukwaa la juu, sawa na siku za mwaka. Kuipanda hairuhusiwi tena. Lakini simama mbele ya ngazi, piga kofi moja kwa nguvu: mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, na hapo ndipo safari yote inapolipa. Mchana kaogelee Ik Kil, kisima cha asili kilicho jirani, ndani ya shimo refu la mawe ya chokaa.

Tulum iko karibu zaidi, kama kilomita 130, na magofu yake ni madogo. Kinachoyabeba ni mahali yalipo: juu ya jabali, bahari ya Karibi chini, iguana, mijusi wakubwa, wakiota jua kwenye mawe. Wenye watoto wadogo wachague hapa. Ila kiangazi mwani wa sargaso mara nyingi hurundikana ufukweni, kwa hiyo usiifuate kwa kuogelea tu.