Antena ya vijiti juu ya paa, Tudor, Mombasa: uzoefu wangu wa miezi minane

Boksi limeandikwa "HD" kwa herufi kubwa. Msilipie neno hilo. Antena haijui HD. Kazi yake ni kunasa mawimbi, ambayo kwa runinga za dijitali hapa kwetu ni kati ya megahezi 470 na 694. Ung'avu wa picha unategemea stesheni yenyewe na king'amuzi, au tuna, yaani kipokea mawimbi kilicho ndani ya runinga. Kwa hiyo kabla ya kununua antena yoyote hakikisha king'amuzi au runinga imeandikwa DVB-T2, mfumo wa dijitali unaotumika Kenya. Runinga za mtumba zinawaponza wengi hapa: iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina tuna ya ATSC na haitashika stesheni hata moja ya Kenya. Ya Uingereza ya kabla ya 2010 ina DVB-T ile ya kwanza tu. Hizo dawa yake ni king'amuzi cha kando.

Nimelinganisha mbili katika nyumba ya ghorofa ya pili, Tudor: ile bapa ya kubandika dirishani, yenye busta (kikuza mawimbi) ya kuchomekwa kwenye USB, na Yagi, yaani antena ya vijiti, yenye vijiti 14, ya kufungwa nje, isiyo na busta.

Ya dirishani siipendekezi. Menyu ya king'amuzi ilionyesha nguvu asilimia 90 na ubora 25, picha ikawa inamegekamegeka vipande vya mraba na sauti kukatika. Wengi wakiona 90 hudhani antena ni nzuri na kosa ni la king'amuzi. Sivyo. Busta hukuza kila kinachoingia, pamoja na minara ya simu iliyo jirani na mawimbi yaliyogonga grili na mabati yakarudi, hadi tuna ikazidiwa. Nilipoichomoa busta nguvu ilishuka hadi 55, lakini ubora ukapanda hadi 60. Kipimo cha kufuata ni ubora. Nguvu ije baadaye.

Yagi ilinipa nguvu 68 na ubora 92, bila umeme wowote. Lakini haikufika hapo siku ya kwanza. Mwanzo niliifunga kando ya tangi la maji, na ubora ulikuwa unachezacheza kwenye 50. Nikaisogeza mita moja na nusu, nikaipandisha juu ya ukingo wa tangi, na mambo yakatulia. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 43 hadi 64, kwa hiyo hata kusogeza nusu mita hubadilisha hali kabisa pale penye vizuizi. Mmoja asimame na rimoti mbele ya menyu, mwingine juu azungushe polepole, nyuzi 10 kila mara, kisha asubiri sekunde 5, maana kipimo hakibadiliki papo hapo. Kama hujui pa kuanzia, tazama antena za majirani zinakoelekea, na uangalie pia vijiti vyao vimelala au vimesimama. Vyako viwe vivyo hivyo. Minazi iliyo mbele isiidharau mtu: makuti mabichi yakitikiswa na kusi, picha nayo hukatika kwa mafungu.

Sasa waya, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua RG6 ya omu 75. Mita 20 zake hupoteza desibeli 3 na kitu. RG59 nyembamba hupoteza zaidi. Kigawanyaji cha runinga mbili nacho hula karibu desibeli 4, kwa hiyo usikiweke bila haja. Wakati wa kufunga konekta, waya wa katikati utokeze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa konekta, na usiache hata unyuzi mmoja wa ule msuko wa nje uuguse. Unyuzi mmoja tu unaweza kuzima stesheni zote.

Antena yenyewe ina kasoro mbili. Boliti ni za chuma cha kupakwa rangi, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa zilianza kutu mwezi wa tatu. Nimeweka za chuma cha pua. Pili, kiboksi cha plastiki kinachopokea waya hakina mpira wa kuzuia maji. Kipake silikoni juu na ubavuni, uache kitundu chini ili unyevu utoke, na konekta uizungushie tepu ya mpira inayojishika. Waya nao uuache uning'inie kidogo kama shingo ya bata kabla ya kuingia ukutani, matone yadondokee hapo. Maji yakishaingia kwenye msuko husafiri ndani kwa ndani. Ukiukata ukauona mweusi au wa kijani, badilisha wote.

Kitu kingine kinachowasumbua watu ni ule umeme wa volti 5 ambao king'amuzi hupeleka kwenye antena. Yagi nyingi zisizo na busta, waya wa katikati na msuko wa nje huwa vimeungana ndani yake, kwa hiyo ukiuwasha umeme huo, king'amuzi kitatoa onyo la shoti. Uzime kwenye menyu. Na busta inayotaka volti 12 haitafanya kazi kwa hizo 5.

Stesheni zikipotea, angalia ni zipi. Stesheni hurushwa kwa mafungu na kampuni za usambazaji: KBC kupitia Signet; Citizen, NTV na KTN kupitia ADN, na kila fungu lina masafa yake. Likipotea fungu moja huku jingine likiwa safi, usipande juu ya paa kwanza. Fanya utafutaji upya, na kama bado, ngoja hadi kesho yake. Yakipotea yote kwa pamoja, anza na konekta iliyo nyuma ya king'amuzi, kisha ile ya juu.