Mafunzo ya uongozi kwa mashefu wa timu Lubumbashi: nilichopata na nilichokosa

Nasimamia gereji ya malori hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Magari yetu ni ya njia ya Kolwezi na ya Kasumbalesa, na chini yangu wako mafundi, wasaidizi wao na mtu wa stoo. Patroni ndiye aliyelipia mafunzo: Jumamosi asubuhi, ukumbi wa katikati ya mji, darasa la mashefu kutoka hoteli, maduka na kampuni za usafirishaji. Wenzangu wananiuliza kama pesa haikupotea. Haikupotea, kwa sababu ya zoezi moja na swali moja.

Zoezi kwanza. Tulipangwa wawili wawili, mmoja shefu, mwingine mfanyakazi aliyekosea. Nilikaa na mama anayesimamia jikoni kwenye hoteli. Akanianza: "Wewe kazi huipendi." Mkufunzi akamkatiza: hiyo ni hukumu, umeona nini? Mama akafikiri, akarudia: "Jana wakati wa kufunga uliacha gesi inawaka, mlinzi ndiye aliyeizima usiku." Kwa lile la kwanza nilikuwa nimeshaandaa majibu ya kujitetea. Kwa hili la pili sikuwa na la kubisha, nilibaki kueleza ilikuwaje. Utaratibu wenyewe ni mfupi: taja ilikuwa lini na wapi, taja alichofanya, taja kilichotokea, halafu nyamaza. Umetoka kwa taasisi ya Marekani iitwayo Center for Creative Leadership. Karatasi zilikuwa za Kifaransa, lakini mazoezi tuliyafanya kwa Kiswahili, na hapo mkufunzi nampa alama zote. Gereji gani hapa inagombezana kwa Kifaransa?

Niliujaribu kwa fundi wangu mkubwa, mtu wa umri wa baba yangu. Nikamwita pembeni, nyuma ya stoo, vijana wasisikie. "Papa, lori la jana lilitoka na nati mbili za gurudumu la nyuma hazijakazwa. Dereva amezikaza mwenyewe Likasi." Kisha nikanyamaza, na hapo ndipo kugumu, maana mdomo unawasha. Mzee akapangusa mikono kwa kitambaa, akaangalia chini, akasema: "Shefu, ile spana kubwa ilipasukaka. Tunaombaka kwa jirani." Jana yake jirani alikuwa amefunga mapema. Ningeanza na maneno ya uvivu, habari ya spana nisingeipata.

Swali ndilo hili: ni kitu gani kinakuzuia kufanya kazi yako vizuri? Unamuuliza kila mtu peke yake, dakika chache, bila kumjibia. Mkufunzi alilifunga na utafiti wa Amy Edmondson, profesa wa Harvard. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, akitarajia kuona timu nzuri zina makosa machache. Hesabu zikamjia kinyume: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema, kwingine yalifichwa. Mwaka 1999 aliandika zaidi juu ya hali hiyo ya mtu kuona anaweza kusema kosa au kuuliza bila kuaibishwa.

Kwangu ilijitokeza kwenye jeki. Msaidizi mdogo kuliko wote ndiye aliyeniambia inavuja oili na inashuka yenyewe polepole, lori likiwa juu. Nikauliza nani mwingine anajua. "Bote banajua, shefu. Banaogopa tu kukatwa mshahara." Kweli, kwetu kifaa kikiharibika mkononi mwako, unakatwa. Basi hata ungeuliza kwa sauti ya upole namna gani, utaratibu wa pesa unamziba mtu mdomo. Nilikwenda kwa patroni kuomba anayetoa taarifa mapema asikatwe. Amekubali kwa jeki na spana. Kwa vipuri bado tunavutana. Sehemu hii mafunzo hayakuigusa kabisa. Walizungumza kana kwamba shefu wa timu ndiye anayeshika kanuni zote za kampuni.

Kuna mengine ya kulalamikia. Hatua za timu za Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, za mwaka 1965, zilikula karibu asubuhi nzima: kuundwa, kugombana, kuzoeana, kufanya kazi. Sawa, lakini Tuckman alikusanya tafiti za wengine, nyingi za vikundi vya tiba ya kisaikolojia. Mimi fundi wangu akisikia migodini wanalipa zaidi, Jumatatu hayupo, na timu inarudi mwanzo. Lile jaribio la maswali, linalompa kila mtu rangi kufuatana na tabia yake, lilituchekesha, basi. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, na hapo ndipo mkufunzi alipofundisha vizuri kuliko kawaida, bila picha za ukutani.

Nilichokwenda nacho kichwani sikukipata: unamwongozaje mpwa wa patroni? Anachelewa, wenzake wanamwona, na wote wanasubiri waone utafanya nini. Mkufunzi akasema "kanuni ziwe sawa kwa wote," akageuza ukurasa. Darasa zima liliguna. Tulilijadili wenyewe wakati wa chai, na ushauri bora ulitoka kwa yule mama wa jikoni: kabla ya kumgusa kijana, mwombe patroni aseme mbele ya watu nani anapanga zamu.

Nyota nne kati ya tano. Kundi la WhatsApp waliloahidi la kutufuatilia limebaki la salamu na mechi za Mazembe, kwa hiyo usililipie hilo. Kama kampuni yako inaweza, nendeni wawili, wewe na msaidizi wako, mpate wa kufanyia mazoezi katikati ya wiki. Na kama unalipa mwenyewe, ulizia kulipa kwa awamu mbili. Kwenye darasa letu waliwakubalia walioomba.