Wapishi wa hitma, Ngamiani: pilau safi, turubai la harusi

Arobaini ya mama, yaani hitma ya siku arobaini tangu afariki, tuliisomea nyumbani, Ngamiani, hapa Tanga, na kwa mara ya kwanza tukakodi wapishi. Zamani walioinamia jungu ni shangazi zangu. Sasa mmoja magoti hayamruhusu, mwingine yuko Muscat. Jina la wapishi silitaji kwa kuwa bado tuna hesabu baina yetu.

Mzee wao alikuja siku tatu kabla. Nikamwambia watu 120. "Mwanangu, hao ni walioalikwa. Madrasa ya hapo nyuma ina watoto wangapi? Na kina mama waliomwosha marehemu, umewahesabu?" Sikuwa nimewahesabu. Tukafika 170: mchele kilo 28, nyama ya ng'ombe kilo 30, viazi debe moja. Ufundi shilingi 250,000, kuni na viungo juu yangu.

Siku yenyewe, alfajiri mafiga yalishapangwa uani. Bizari nyembamba ilitwangwa palepale, vitunguu vikakaangwa mpaka ukadhani vinaungua, na maji yalipokauka wakapalia makaa juu ya mfuniko. Ndani tuligawana juzuu zote 30 za Qur'ani, nane zikaenda chumbani kwa wanawake. Dua ilipoitikiwa, masinia yalikuwa tayari, watu watano watano, kachumbari na ndizi mbivu pembeni. Wali umechambuka, viazi vizima, nyama hailazimishi meno. Mjomba wangu, ambaye kila mwaka hutukumbusha kwamba arobaini ni bid'a, uzushi katika dini, alikuja "kuwaona watu tu". Aliomba ukoko.

Turubai ndilo lililoniudhi. Nilikodi kwao pamoja na viti ili nisihangaike, likaja na vitambaa vya dhahabu, maua ya plastiki, na herufi kubwa za bwana na bibi harusi wa Jumamosi zikimetameta mlangoni. Chini ubani unafuka kwenye chetezo, juu A na R wanapendana! Dada yangu alipanda stuli kuzing'oa huku wageni wa kwanza wanaingia. Kijana wa turubai akasema lori lilitoka shughulini moja kwa moja. Sawa, lakini macho anayo.

Mwaka wa mama ukifika nitamwita mzee yule yule kwa jungu, na turubai nitatafuta kwingine. Msiache pia kuhesabu vyombo mbele ya mzee mwenyewe. Mimi nilihesabu na kijana, na kesho yake nikadaiwa sahani tisa, shilingi 5,000 kila moja. Kumbe ni mzee aliyezipakua na kuzipeleka kwa majirani wasioweza kutembea, zimefunikwa vizuri. Saba nimezirudisha. Mbili ziko kwa bibi mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa akisuka ukili na mama, na kila nikipita naona haya kuziulizia.