Kidude cha ELM327 cha kusoma taa ya cheki injini: mimi nasema nunua

Nianze na jibu kabisa: kama una gari la Kijapani la miaka ya karibuni na unaendesha huku kwetu Uganda, nunua hiki kidude. Naongelea ile skana ndogo ya Bluetooth inayoitwa ELM327, ukubwa wake kama kiberiti, unaichomeka kwenye ile soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, unaunganisha na simu (namba ya siri huwa 1234 au 0000) halafu unasoma gari linasema nini. Changu nimekipata Kampala kwa shilingi 50,000 baada ya kuvutana bei na muuzaji, duka la pili yake walikuwa wanataka 80,000 kwa kitu kilekile, kwa hiyo bei ya kwanza usiikubali. Kwenye simu natumia Torque ile ya bure, inatosha kabisa.

Kwa nini nakisifu hivi? Kwa sababu nimechoka kuona watu wanaliwa pesa. Taa ikiwaka, mtu anaenda garaji anasema tu "fundi, taa imewaka", basi fundi anaanza kubahatisha, leo plagi, wiki ijayo sensa, mwezi ujao pampu ya mafuta, na kila kubahatisha kunalipiwa na wewe. Wengine nao wanaiacha inawaka mwaka mzima mpaka wanaizoea. Ukiwa na kidude unaenda kwa fundi na namba ya hitilafu mkononi, mnaongea kitu kinachojulikana.

Lakini kabla hata hujachomeka kitu, iangalie taa yenyewe. Ya cheki injini ni ya njano, ina umbo la injini. Ikiwaka na kutulia na gari linavuta kawaida, halitetemeki, halina harufu mbaya, unaweza kwenda taratibu mpaka nyumbani au garaji ukapime. Ikiwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima, hapo usiendelee, toa mguu kwenye mafuta na utafute pa kuegesha, kwa sababu kuna silinda haichomi na ile petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi huko kwenye eksozi, katalisti inapata moto kupita kiasi mpaka masega yake yanayeyuka, na kama umewahi kuuliza bei ya katalisti utanielewa. Na ile taa nyekundu ya kopo la oili, au ya joto la injini, hiyo haihitaji skana wala ushauri wa mtu, zima injini hapohapo.

Sasa niwaambie kilichotokea mwaka huu. Tunatoka Kampala kwenda Tororo, watoto na mama yao ndani, tumeshaipita Mukono, gari langu Toyota Premio ikaanza kutetemeka kila nikikanyaga mafuta kwenye mwinuko, na taa ikaanza kupepesa. Nikasogea mpaka Namawojjolo nikaegesha, pale wanapouza kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma), vijana wakajaa madirishani na mishikaki yao kama kawaida. Nikachomeka kidude, nikafungua swichi, ikatoka P0303. Maana yake kuna silinda haichomi, na hiyo tatu ya mwisho ni silinda namba 3. Akaja fundi wa palepale, akasikiliza mlio, akasema, "Ssebo, hii ni nozeli, tutoe zote nne tusafishe," yaani vile vinavyopulizia petroli kwenye silinda, na bei yake akaitaja. Nikamwambia sawa kaka, lakini kwanza tufanye kitu kimoja kisicho na gharama.

Injini ya Premio yangu ni 1NZ, kila plagi ina koili yake juu inayoipa umeme wa cheche, imeshikwa na bolti moja tu ya spana 10. Tukazima, tukangoja ipoe kidogo, tukachomoa koili ya silinda ya 3 tukaipeleka ya 1, ya 1 tukaileta ya 3. Nikafuta kodi, yaani ile namba ya hitilafu, kwenye simu, tukawasha, gari likaendelea kutetemeka na baada ya muda taa ikarudi kupepesa. Nikasoma tena: P0301. Hitilafu imehama na koili! Kama ingekuwa nozeli ingebaki palepale kwenye 3. Yule fundi akainama kwenye simu akaangalia ile namba mara mbili, akaniuliza kidude kinauzwa wapi. Akamtuma bodaboda Mukono akaleta koili moja iliyotumika, tukafunga, gari likatulia, nikamlipa fundi jasho lake na tukaendelea na safari. Koili moja, badala ya kufungua nozeli zote nne kando ya barabara kwenye vumbi.

Hapo ndio nataka watu waelewe vizuri, maana wengi wananunua skana wakidhani itawaambia wanunue spea gani. Haisemi hivyo. Kodi inakwambia gari limeona nini, sio kipi kimekufa. Toyota Wish ya dada yangu ilitoa P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na mtu mmoja wa garaji akataka kubadilisha sensa ya oksijeni moja kwa moja. Tukaangalia namba zinazotembea injini ikiwa inanguruma, kuna mahali programu inaonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi, kawaida inacheza karibu na sifuri, ya dada ilikuwa imepanda juu ya 20 gari likiwa limesimama, ukipandisha mzunguko inashuka. Hiyo tabia ni ya hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Tukatafuta na mikono, tukakuta kimpira chembamba cha hewa kwenye manifoldi, pale hewa inapoingilia injini, kimepasuka. Sensa ilikuwa nzima, ilikuwa inasema ukweli jamani! Na P0420 ni hivyohivyo, inasema katalisti haisafishi moshi vizuri, lakini hata eksozi iliyotoboka inaweza kuileta, kwa hiyo anza kwa kuangalia eksozi chini ya gari kabla hujatoa hela.

Kufuta kodi pia sio kutengeneza. Kuna watu wanatoa teminali ya betri taa inazima, wanafurahi, kesho kutwa imerudi. Mimi nafuta nikishatengeneza tu, au nikiwa nataka kuona kama itarudi, na kabla ya kufuta napiga picha ya skrini.

Kazi nyingine ambayo peke yake inalipa ile 50,000 ni kwenda nayo bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, ukiwa unanunua gari. Kwanza fungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake, ukiwasha izime. Isipowaka kabisa shuka kwenye hilo gari, huenda mtu ameinyamazisha. Halafu kwenye programu angalia sehemu ya majaribio ambayo gari linajipima lenyewe, ukikuta mengi hayajakamilika ujue kodi zimefutwa juzijuzi au betri ilitolewa, muulize muuzaji kwa nini na omba uliendeshe gari kwa muda mrefu upime tena.

Kasoro zake zipo. Gari za Kijapani za zamani mara nyingi haziongei nayo hata kama soketi ni ileile. Marekani walilazimisha mfumo huu wa gari kusomwa na skana, unaoitwa OBD2, tangu gari za 1996, lakini gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikuwa na lugha yao kwa miaka mingi baadaye, Toyota Ipsum ya 2003 ya jirani yangu imekataa kabisa kuunganishwa. Premio yangu ya 2008 iliitika mara moja. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo zinazoingia sasa hazisumbui sana. Ukiwa na gari la zamani mtafute fundi mwenye mashine kubwa ya Toyota, kwa hiki kidude usipoteze pesa.

Kingine, haisomi breki za ABS wala airbag kwa gari nyingi, ni injini tu hasa. Na usiiache imechomekwa usiku, ile soketi ina umeme wa betri muda wote hata ukitoa ufunguo, betri iliyochoka utaikuta imelala asubuhi.

Feki zimejaa. Nyingi zimeandikwa v2.1 na baadhi zimepunguzwa uwezo, zinaunganika na simu halafu zinashindwa kuongea na gari, wenye uzoefu wanapenda v1.5 ingawa hata hiyo namba inaweza kuchapwa juu ya kitu chochote. Wenye iPhone msichukue ile ya Bluetooth ya kawaida, ulizeni ya WiFi au ya Bluetooth 4.0. Dawa ya yote hayo ni moja: ukienda dukani nenda na gari, pakua programu kabisa kabla hujaondoka nyumbani, mwambie muuzaji unataka kujaribu, chomeka, washa injini, ukiona mzunguko wa injini na joto vinasomeka kwenye simu yako ndio utoe pesa. Akikataa kujaribu, nenda duka linalofuata, wauzaji wapo wengi.