Kuziba gego bila zebaki: huduma ya kliniki moja ya meno Dar es Salaam

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 11 kuzibwa gego la chini katika kliniki moja hapa jijini, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilizibwa jino utotoni kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa rangi ya fedha ambao karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, swali langu la kwanza lilikuwa wanaziba kwa kitu gani. Daktari alijibu bila kuzunguka kwamba amalgamu wameiacha kwa wagonjwa wote. Hawakusubiri mwaka 2034, ambao ndio ukomo uliokubaliwa na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki.

Hapakuwa na sindano ya ganzi wala mlio wa keekee. Alikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, akakausha tundu kwa pamba, akakoroga unga na maji yake mpaka ukawa kama ugali laini, akaushindilia kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, kisha akamwambia mtoto aume karatasi ya wino ili aone palipozidi kimo. Tuliagizwa asile kwa saa nzima. Njia hii, nilivyofurahi kukumbushwa, ilianza kutumiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wasio na umeme wa kuendesha mashine, ndipo ikasambaa kwingine.

Daktari hakuficha udhaifu wa njia hiyo: tundu likiwa kubwa na limekula pande mbili za gego, kizibo hicho huweza kumeguka mapema. Nilipomwomba anitoe amalgamu yangu ya zamani alikataa, akieleza kuwa bado ni nzima na kuichimba kungetoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuiacha. Angeweza kunitoza kwa kazi hiyo, naye hakufanya hivyo.

Lawama yangu ni kwa mapokezi. Tulitajiwa bei ya kuziba peke yake, na ada ya kumwona daktari pamoja na ya picha ya eksirei tukazikuta dirishani wakati wa kulipa, mtoto akiwa ameshatibiwa. Tutarudi baada ya miezi sita kukaguliwa, ila safari hiyo nitaomba gharama zote ziandikwe kabla binti hajapanda kitini.